Sanamu za Mashujaa: Mwongozo Kamili wa Kupima ya Bei Nafuu na ya Bei Ghali Ukiwa Nairobi

Chukua sanamu mbili za plastiki zenye viungo vya kukunja, zote za Naruto, shujaa wa katuni za Kijapani. Zote zimetoka Bandai, kampuni ya Japani, zote zina leseni halali, na urefu wake unakaribiana, kati ya sentimita 14 na 17. Ile ya mfululizo wa Anime Heroes huuzwa takriban dola 20 ng'ambo. Ile ya S.H.Figuarts, kutegemea toleo, huanzia kama dola 40 na kupanda hadi 80 au zaidi. Ziweke kwenye rafu, rudi nyuma hatua tatu, na mgeni wako huenda asijue ipi ni ipi. Akizishika mkononi atajua papo hapo.

Pesa za ziada hazikwenda mahali pamoja. Nyingine zimo kwenye rangi ya uso, nyingine kwenye mikono ya kubadilisha, nyingine kwenye plastiki ya viungo. Kuna fungu jingine ambalo hutaliona kabisa, nalo ni kalibu. Kuchonga kalibu ya chuma ya kusukumia plastiki iliyoyeyuka ni kazi ya gharama kubwa mno. Kampuni inayouzia watoto wa dunia nzima huigawanya gharama hiyo kwa sanamu nyingi sana. Inayotoa toleo dogo la wakusanyaji huigawanya kwa wachache, na kila mmoja wao huchangia zaidi. Fungu hilo la bei halikuongezei ubora wowote mkononi. Kwa hiyo pima kitu chenyewe, kiungo kwa kiungo, ndipo uangalie bei.

Hatua ya 1: Linganisha sawa kwa sawa

Sanamu ya sentimita 15 haishindani na ya sentimita 30. Vipimo utakavyokutana navyo ni vichache. Kuna 1:18, yaani sehemu moja ya kumi na nane ya kimo halisi cha mhusika, kama sentimita 9.5, kipimo kilichoenezwa na Kenner ilipoanza kuuza sanamu za Star Wars mwaka 1978. Kuna 1:12, kama sentimita 15, na hapa ndipo ushindani wa bei ulipo mkali zaidi. Kuna zile za sentimita 18 za McFarlane Toys na NECA. Halafu kuna 1:6, kama sentimita 30, kimo cha G.I. Joe wa Hasbro wa mwaka 1964 na siku hizi cha Hot Toys ya Hong Kong.

Kwa bei za ng'ambo, Marvel Legends ya Hasbro na DC Multiverse ya McFarlane mara nyingi huwa kati ya dola 20 na 30. S.H.Figuarts, Figma ya Max Factory na MAFEX ya Medicom hutembea kati ya dola 40 na 120. Hot Toys huanzia kama dola 250 na haziogopi kupanda. Chagua mhusika mmoja anayepatikana katika ngazi mbili, Spider-Man kwa mfano, umlinganishe na yeye mwenyewe. Ukilinganisha Batman wa kampuni moja na Goku wa nyingine, utaishia kupima mapenzi yako kwa wahusika.

Kabla hujaendelea, jiulize kama unahitaji viungo. Kuna watu wengi ambao wakishaipanga sanamu rafuni hawaigusi tena hadi siku ya kupanguza vumbi. Kwa hao, sanamu zisizokunjika za Banpresto, ambazo asili yake ni zawadi za mashine za kunyakua kwa makucha huko Japani, ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Bei yake iko karibu na ya sanamu nafuu ya viungo, na umbo na rangi yake hukaribia za bei ya juu, kwa kuwa hakuna shilingi iliyotumika kwenye magoti. Nashangaa jinsi wakusanyaji wanavyozidharau.

Hatua ya 2: Soma sanduku, na uanze na umri

Namba ndogo pembeni ya sanduku inaeleza mengi kuliko picha kubwa ya mbele. Sanamu iliyoandikwa 4+ ni kitu cha mtoto kisheria. Lazima ifaulu majaribio ya usalama: isiwe na ncha ya kuchoma, na ikidondoka isivunjike vipande vikali. Hapo ndipo upanga uliopinda unapotoka. Watu hulalamika kwamba upanga wa sanamu nafuu ni kama tambi iliyoiva, wakidhani kiwanda kimebana matumizi. Mara nyingi ulitengenezwa laini kwa makusudi ili usimtoboe mtoto jicho.

Sanamu iliyoandikwa 15+ haifungwi na masharti hayo. Vidole vinaweza kuwa vyembamba, nywele zikawa na ncha za kuchoma kweli, panga zikanyooka. Pia inaweza kuvunjika upesi zaidi. Hili ni jambo la kulitia maanani mapema: sanamu ghali imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Ukimpa mtoto wa miaka sita sanamu ya shilingi elfu kumi, jioni utaokota kifundo cha mkono chini ya kochi.

Tafuta pia jina la mtengenezaji, mstari wa haki miliki wenye alama ya ©, na nchi ilikotengenezwa. Ukikuta China au Vietnam, usishtuke. Sanamu nyingi halali, za Marekani na za Japani, hutengenezwa huko.

Hatua ya 3: Uso, kwa macho mawili na kwa kamera

Angalia uso mara mbili. Kwanza ukiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwa sababu hapo ndipo utakapoutazama siku zote. Macho yote mawili yanatazama upande mmoja? Nyusi ziko sawa? Rangi ya nywele imeishia pale nywele zinapoishia, au imemwagikia paji la uso?

Kisha toa simu, vuta picha karibu. Nyuso nyingi siku hizi huchapishwa kwa mashine moja kwa moja juu ya plastiki, hata za bei nafuu, na hilo limepunguza sana pengo lililokuwepo zamani. Ukikuza utaona vitone vidogovidogo kama vya picha ya gazeti. Kwa macho ya kawaida havionekani. Kwa anayepiga picha za karibu, vitaonekana kila mara. Katika 1:6 za bei ya juu, uso hupakwa rangi kwa tabaka na kwa mkono, na ngozi huwa na madoa, mishipa na wekundu wa mashavu. Hapo tofauti ni halali na unaiona.

Katika ngazi ya 1:12 mambo hubadilika kutoka nakala moja hadi nyingine. Sanamu mbili za nafuu kutoka katoni moja zaweza kuwa na macho tofauti: moja imetulia, nyingine imeshtuka. Ukiwa dukani, usichukue ya mbele. Mwombe mhudumu atoe zote zilizopo, uzipange kaunta, uchague uso. Hakuna mnunuzi wa mtandaoni anayepata nafasi hiyo, na ndiyo sababu kubwa ya kununua za bei nafuu kwa mkono na si kwa kuagiza. Za bei ghali hazitofautiani sana nakala kwa nakala; sehemu ya bei ni ukaguzi.

Hatua ya 4: Plastiki na mishono yake

Sanamu nzuri haitengenezwi kwa plastiki moja. ABS ni ngumu na hushika umbo. Hutumika kwenye kiwiliwili, silaha na deraya za mwilini. PVC ni laini kiasi; hutumika kwenye nywele, mikono, na vazi linalohitaji kupinda. POM ni teleziteleze na imara, nayo hupendwa kwenye viungo kwa sababu hailiki haraka. Tatizo la POM ni kwamba rangi haiishiki vizuri, kwa hiyo kiungo hutolewa kikiwa tayari na rangi ya plastiki yenyewe. Ukiona kiwiko cha sanamu ghali kina weusi au weupe usiolingana kabisa na mkono, huo si uzembe wa mpakaji. Walichagua kiungo kidumu wakakubali rangi isilingane.

Sanamu nafuu huwa na PVC nyingi zaidi, hasa miguuni. Miguu laini hulegea polepole ikibeba uzito, na baada ya miezi kadhaa shujaa wako anainama kama mtu aliyekesha matangani. Bonyeza paja na kifundo cha mguu kwa kidole gumba: kikibonyea kwa urahisi, jua utahitaji stendi.

Pitisha ukucha ubavuni, begani na nyuma ya mguu. Utagusa mshono ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Sanamu zote zinao. Kinachotofautiana ni kama umefichwa au kusuguliwa. Angalia pia vipele vidogo pale plastiki ilipokatwa kutoka kwenye fremu yake.

Kisha rangi ya ngozi. Sanamu nyingi za nafuu huacha plastiki tupu iwe ngozi, na plastiki tupu hung'aa kama nta. Za bei ya juu hupigwa rangi ya kufifisha mng'ao, na vivuli hutiwa kwenye mikunjo ya nguo. Mashujaa weusi huumia zaidi hapa: plastiki ya kahawia isiyotiwa kivuli hufuta sura yote, mashavu na taya vikawa kitu kimoja. Kama unanunua Black Panther asiyevaa kofia, tumia muda mrefu kwenye hatua hii kuliko nyingine yoyote.

Jambo jingine la bei nafuu ni kurudia mwili. Hasbro huchukua kiwiliwili kilekile, wakabadili kichwa na rangi, wakapata mhusika mpya. Mhusika akiwa na umbo linalolingana na mwili huo, hutapoteza chochote. Akiwa mwembamba zaidi au mzee zaidi, utaona kichwa cha mtu mmoja kwenye mabega ya mwingine.

Hatua ya 5: Viungo

Hapa chukua muda. Kwanza, puuza idadi. McFarlane huandika hadi sehemu 22 zinazosogea. Sanamu za 1:6 hutangazwa kuwa na viungo zaidi ya 30. Lakini sanamu ya viungo 30 iliyovishwa suti ya kubana haiwezi kukunja kiwiko hata nusu, wakati ya viungo 22 inachuchumaa. Pima upana wa mwendo.

Kabla ya kukunja chochote, hakikisha kiungo hakijagandana. Rangi huweza kushika kiungo kipya, na baridi ya Nairobi ya Juni na Julai huzidisha ugumu wa plastiki. Asubuhi za msimu huo usilazimishe kitu. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja au mbili, au pitisha draya ya nywele kwa umbali, kisha sogeza taratibu. Plastiki ikianza kuweka alama nyeupe kwenye mkunjo, acha mara moja. Hapo ndipo itakapokatika.

Sasa fuata mpangilio huu. Anza na kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho kinachoamua kama sanamu itasimama. Kinapaswa kwenda mbele na nyuma, na pia kuinamia pembeni. Panua miguu ya sanamu na utazame nyayo: nyayo zote zikilala bapa mezani, kifundo ni kizuri, ikisimama kwa kingo za miguu, mikao yote ya kivita imekwisha kabla haijaanza. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho kipimo kimoja kinachofichua mtengenezaji mvivu.

Panda gotini. Goti lenye mikunjo miwili hufikisha kisigino karibu na makalio. Lenye mkunjo mmoja huishia pembe mraba. Kiwiko ni hivyohivyo: mkono ufike begani. Begani, vuta mkono ukatize kifua. Kama kuna kiungo cha ziada kinachoruhusu bega zima kusonga mbele, sanamu itaweza kushika upanga kwa mikono miwili. Bila hicho, upanga wa samurai utashikwa mkono mmoja milele. Shingoni, inua kichwa kitazame juu. Kwa mhusika anayeruka, hili haliachwi: Superman aliyelala hewani huku akitazama sakafu ni kichekesho.

Kiunoni na nyongani sikiliza. Viungo vingine vina meno ya ndani na hulia kwa mibofyo; hubeba uzito vizuri lakini huchagua vyenyewe vituo vya kusimama, na mara nyingine mkao unaoutaka uko katikati ya mibofyo miwili. Vingine hushikwa na msuguano tu. Husimama popote, lakini hulegea kadiri unavyovitumia.

Angalia pini. Zamani goti na kiwiko vilipigwa pini ya duara iliyoonekana pembeni, mara nyingi ya rangi tofauti na mguu. Hasbro wameanza kuzificha kwenye sanamu nyingi, na kwa hilo tu sanamu yao ya dola 25 inaonekana ghali kuliko ilivyo.

Mwisho, mpe mkao mgumu, mguu mmoja mbele na mwili umeinama, umwache hadi kesho yake asubuhi. Sanamu iliyosimama dakika tano dukani haijathibitisha kitu.

Hatua ya 6: Mikono, nyuso na vikorokoro

Fungua trei ya ndani uhesabu. Ya bei nafuu kwa kawaida huja na jozi moja au mbili za mikono na silaha moja. Ya bei ya juu huja na nyuso tatu au nne, jozi nyingi za mikono, moshi na miale ya plastiki. Fungu kubwa la tofauti ya bei katika 1:12 liko kwenye trei hii, kwa hiyo kuwa mkweli na nafsi yako. Kama utamweka shujaa amekunja ngumi hadi uhamie nyumba nyingine, umelipia mikono itakayokaa ndani ya sanduku juu ya kabati.

Stendi haifuati bei. Figma na MAFEX kwa kawaida huja na stendi yenye mkono wa kuinua sanamu hewani. McFarlane huweka kisahani cha kusimamia. S.H.Figuarts, pamoja na bei yake, mara nyingi haina chochote, na stendi ununue kando. Iongeze kwenye hesabu.

Badilisha mkono mmoja kabla ya kununua kama muuzaji ataruhusu. Mkono unapaswa kuingia kwa mbofyo na kutoka bila vita. Kigingi cha kifundo cha mkono ndicho kitu kinachokatika mara nyingi zaidi kwenye sanamu za bei ya juu, kwa sababu ni chembamba na hutumika kila siku. Pasha moto kwanza.

Hatua ya 7: Nguo na ngozi bandia, kwa wanaonunua 1:6

Kwa ufupi: suti ya kitambaa ni salama, ngozi bandia sivyo. Ngozi hiyo ya plastiki huanza kupasuka na kubanduka baada ya miaka, hata kama hujaigusa, kwa kuwa unyevu wa hewani huivunja polepole. Nairobi ina nafuu kuliko Mombasa, lakini haikwepeki. Usimwache amekunja viwiko mwaka mzima. Kama bajeti yako ni ya sanamu moja tu ya ngazi hii, chagua mhusika wa deraya ngumu au kitambaa.

Hatua ya 8: Tenganisha nafuu na feki

Kwenye vibanda vya katikati ya jiji na masoko ya jumla utaona mashujaa watano ndani ya ganda moja la plastiki, Batman akiwa jirani wa Hulk. Hizo hazimdanganyi mtu. Ni vitu vya kuchezea. Hatari iko kwenye feki inayojifanya S.H.Figuarts, ikiuzwa nusu ya bei yake. Huyo muuzaji hajakuuzia nafuu. Amekutoza bei ya Marvel Legends halali kwa kitu kibaya kuliko hiyo.

"Bosi, hii ni orijino, imetoka majuu," ataapa. Usibishane naye, geuza sanamu. Halali huwa na maandishi madogo yaliyochongwa mgongoni, nyuma ya paja au chini ya unyayo: mwenye haki, mtengenezaji, nchi. Masanduku ya Dragon Ball na One Piece yaliyotolewa kwa soko la Japani hubeba stika ndogo inayong'aa ya Toei Animation, ingawa matoleo ya masoko mengine huweza kukosa, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si hukumu. Nusa: harufu kali ya mafuta au petroli ni ishara mbaya. Gusa: feki nyingi zinateleza kama zimepakwa mafuta. Tazama rangi ya sanduku karibu na picha rasmi ya mtengenezaji kwenye simu yako, maana uchapishaji wa kunakili hufifisha nyeusi na kupotosha wekundu. Sogeza goti, la feki hukwaruza au huning'inia.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mkali. Ulaya inaruhusu kiwango kisichozidi asilimia 0.1 ya vilainishi fulani vya plastiki, kama DEHP, kwenye vitu vya watoto, na Marekani huzuia madini ya risasi kwenye rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Aliyenakili sanamu ya mtu hakupeleka nakala yake maabara. Usiipeleke kwa mtoto anayetafuna vitu.

Hatua ya 9: Hesabu bei ya kufika Nairobi

Hapa ndipo ushauri wa wakusanyaji wa ng'ambo unapotupoteza. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ukubwa, ule ulio mkubwa zaidi. Kanuni ya kawaida ya uzito wa ukubwa ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Sanduku la 23 kwa 16 kwa 7 ni karibu nusu kilo. La 1:6 lenye 37 kwa 25 kwa 13 linafika kilo 2.4, hata kama ndani kuna hewa tu.

Sanamu nafuu na ghali za 1:12 zina masanduku yanayokaribiana, kwa hiyo nauli ni karibu ileile. Tuseme dola ni shilingi 130 na nauli ni shilingi 1,000 kwa kila moja. Ya dola 20 inatoka 2,600 hadi 3,600. Ya dola 70 inatoka 9,100 hadi 10,100. Kule ng'ambo ya ghali ilikuwa mara 3.5 ya nafuu. Hapa imekuwa mara 2.8. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 huzidisha zote kwa uwiano, na VAT hupigwa juu ya jumla yenye nauli na ushuru ndani yake.

Maana yake kwa mfuko wako: ukiagiza, elekea juu, ukinunua dukani, elekea chini. Kuagiza sanamu ya dola 20 peke yake ni kulipia usafiri. Ukiitaka kweli, ungana na wenzako watatu au wanne mlete katoni moja. Madukani mwa vitu vya watoto katika maduka makubwa kama Sarit Centre, Village Market, Yaya na Garden City, ulizia Hasbro na Bandai, kisha linganisha na hesabu yako ya kuagiza. Mara nyingi bei ya duka ikikufanya ushtuke, kalkuleta itakutuliza. Kwa wanaouza mtandaoni, kutana nao mahali penye watu, kagua, ndipo utume M-Pesa. Meza za wauzaji kwenye NAICCON, tamasha la mashabiki wa vibonzo hapa Nairobi, ni nzuri kwa kushika sanamu nyingi kwa siku moja, hata kama hununui.

Hatua ya 10: Mitumba

Masoko ya Toi na Gikomba huingiza vitu vya watoto vilivyotumika kutoka ng'ambo, na ndani ya rundo kuna siku utaona mguu wa Marvel Legends ukichungulia chini ya dubu. Muuzaji kwa kawaida hupanga bei kwa ukubwa, si kwa jina, jambo linalowafaa wenye macho. Usionyeshe furaha. "Mama, hizi tatu kwa ngapi?" kisha mwache ataje.

Kabla ya kulipa angalia nyonga kama zina ufa, pini za chuma kama zina kutu, na weupe kama umegeuka wa manjano. Plastiki inayonata kama imemwagiwa soda inatoa vilainishi vyake. Kunata huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ingawa huweza kurudi. Silaha na mikono ya kubadilisha hutaipata, kwa hiyo linganisha bei hiyo na sanamu tupu, wala si na sanduku zima.

Hatua ya 11: Kuitunza hapa kwetu

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua lake lina miale mikali. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale hiyo. Weka rafu ukuta usiopigwa na jua la asubuhi wala la jioni. Kwa vumbi, kabati la milango ya kioo ndilo jibu, na mafundi wa samani wa kando ya Ngong Road watakutengenezea kwa vipimo vyako. Waambie waache tundu la hewa nyuma, kwa kuwa PVC iliyofungiwa bila hewa hunata upesi zaidi. Panguza kwa brashi laini ya vipodozi. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni isikaribie kabisa: huyeyusha rangi na ABS pamoja.

Kiungo cha duara kikilegea, kitoe, kizungushie utepe mweupe ule ambao mafundi wa mabomba hufunga kwenye nyuzi za paipu, safu moja au mbili, ukirudishe. Ukizidisha, tundu litapasuka. Mguu wa PVC uliopinda, tia kwenye maji ya moto hadi ulainike, unyooshe, kisha uushike ndani ya maji ya baridi kwa nusu dakika. Na kigingi kikikatika, usikimbilie supaglu peke yake, kwa sababu sehemu hiyo inabeba uzito. Toboa pande zote mbili kwa keekee ndogo, pitisha kipande cha klipu ya karatasi kilichonyooshwa, ndipo utie gundi kidogo, na uache hadi siku ya pili kabla ya kuisimamisha.